Kupanua mji kuelekea baharini: kufukia, kusimika nguzo au kuelea?

MchoraRamani

Wakuu habari zenu. Nina zoezi la usanifu wa mji. Mji ni wa kubuni ila takwimu nimepewa kamili. Mji mkongwe umejaa, nyuma yake kuna milima, upande uliobaki ni bahari. Natakiwa niongeze kama hekta 100: mita 1,400 sambamba na ufuo, mita 700 kwenda baharini. Ni ghuba iliyokingwa pande mbili.

Takwimu, zote zikipimwa kutoka usawa wa kati wa bahari: kina cha wastani mita 8. Chini ya maji kuna udongo mfinyanzi laini wa unene wa mita 12, kisha mchanga mgumu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3. Barabara za mji mkongwe karibu na ufuo ziko +2.6. Mitaro mikubwa ya mvua inamwaga baharini, sakafu za midomo yake ziko +0.4.

Mchoro wangu wa sasa: nimefukia kuanzia ufuo wa leo moja kwa moja hadi mita 700, nimezungushia ukuta wima wa zege, majengo marefu yote nimeyapanga mbele yatazame bahari, bustani iko katikati. Naomba kujua: nifukie, nisimike nguzo, au majengo yaelee? Ardhi mpya iwe na kimo gani? Mchanga kiasi gani? Na baada ya kufukia nisubiri muda gani kabla ya kujenga?

---

TopeLaini

Mkuu, weka mchoro pembeni kwanza. Kwenye kazi hii tope ndilo linaloshika kalamu.

Tuanze na kimo. Jumlisha hivi: maji kujaa ya juu kabisa tuseme +1.8. Maji yanayosukumwa na dhoruba 0.6. Kupanda kwa bahari chukua 1.0, kwa sababu ripoti ya sita ya IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi) inaweka kati ya mita 0.63 na 1.01 ifikapo 2100 endapo hewa ukaa itaendelea kutolewa kwa wingi, na ardhi unayoitengeneza itaishi zaidi ya hapo. Nafasi ya mawimbi na makosa ya hesabu 0.6. Hapo una +4.0. Ongeza 0.3 kwa kuzama kutakakobaki baada ya kukabidhi. Kimo chako ni +4.3. Kariri tarakimu hiyo, maana mji mkongwe uko +2.6 na tofauti hiyo ya mita 1.7 itakusumbua baadaye.

Sasa mchanga. Mita 8 za maji na 4.3 za juu ni 12.3. Watu wengi huzidisha hapo na kwenda kulala. Lakini mchanga huo wote unakandamiza tope. Kwa mfinyanzi wa kawaida wa pwani (uwiano wa mgandamizo, yaani kipimo cha jinsi unavyobonyea, 0.25) uzito mpya ni kama kilopaskali 150 (kipimo cha shinikizo) juu ya tope ambalo katikati yake lilikuwa limebeba 30 tu. Hesabu ya logi inakupa kuzama kwa karibu mita 2.3. Kwa hiyo unene halisi utakaomwaga ni mita 14.6, sawa na mita za ujazo milioni 14.6 kwa hekta 100. Ongeza asilimia 12 hadi 15 ya mchanga unaopotea na mkondo au unaojaa pembeni, unafika karibu milioni 16.5. Kwa meli ya kufyonza mchanga yenye tumbo la mita za ujazo 10,000, hizo ni safari 1,650.

Muda ndiyo habari mbaya. Mfinyanzi haubonyei mpaka maji yake yatoke, na yanatoka polepole. Kanuni ni T mara H mraba gawanya kwa cv: T ni tarakimu ya jedwali inayofuata asilimia ya kuzama, H ni njia ndefu kabisa ya maji kutoka, cv ni kasi ya tope kubonyea. Tope la mita 12 linalotoa maji juu na chini, H ni 6. cv ya mita za mraba 1.5 kwa mwaka. Kwa asilimia 90, T ni 0.848. Jibu: miaka 20 na kidogo. Hakuna mji unaosubiri hivyo.

Dawa yake ni kufupisha njia ya maji. Zinachomwa tepe za plastiki za kutolea maji, upana milimita 100, unene milimita 4 hivi, zimevikwa kitambaa cha kuchuja, zinashuka mpaka mwisho wa tope. Ukizipanga kwa pembetatu mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, kila tepe inahudumia mita za mraba 1.25, hivyo hekta 100 zinataka tepe kama 800,000. Maji yanasafiri nusu mita badala ya mita sita. Kwenye karatasi asilimia 90 inapatikana ndani ya miezi minne, lakini sindano inayochoma tepe huvuruga tope linaloizunguka na kuziba vijitundu, kwa hiyo panga miezi 6 hadi 9. Juu yake unaweka lundo la mzigo wa ziada, mita 3 za mchanga, ili tope lizame leo kile ambacho lingezama baada ya watu kuhamia. Lundo hilo haliliwi. Gawa eneo vipande vinne vya hekta 25, mita za ujazo 750,000 zile zile zinahama kipande hadi kipande.

Mpangilio wa kumwaga ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Tope bichi la juu linaweza kuwa na nguvu ya kilopaskali 5 tu. Kimo cha mchanga wa chini ya maji linachoweza kubeba ni 5.14 (tarakimu ya kanuni ya ubebaji) mara 5 gawanya kwa 9 (uzito wa mchanga ukiwa majini), yaani mita 2.9, na ukiweka usalama wa 1.5 unabaki na mita 1.9. Ukimwaga mita 5 sehemu moja kwa haraka, tope linachomoka pembeni na kuvimba kama unga wa maandazi uliobanwa na kiganja. Wimbi hilo la tope linasukumwa mbele ya mchanga, kisha linanaswa kati ya marundo mawili. Miaka mitatu baadaye unaona barabara imezama kisahani katikati ya mtaa na hakuna anayejua kwa nini. Kwa hiyo matabaka ya kwanza yawe nusu mita, yanyunyizwe kutoka tishali linalokwenda na kurudi, eneo zima liinuke pamoja. Ule mtindo wa meli kurusha mchanga hewani kama upinde unapendeza kwenye picha. Uache kwa matabaka ya juu.

Jambo dogo linalosahaulika: usishindilie mchanga kabla ya kuchoma tepe. Mchanga mita 10 ulioshindiliwa unavunja sindano. Choma kwanza, weka mzigo, subiri, ondoa, ndipo ushushe vibreta ndefu za kushindilia. Na kushindilia ni lazima. Tetemeko la Kobe la 17 Januari 1995 liligeuza mchanga wa kisiwa cha Port Island kuwa uji, tope likafoka barabarani na kuta za gati zikasogea baharini kwa mita kadhaa. Sehemu za kisiwa hicho hicho zilizokuwa zimeshindiliwa au kuchomwa nguzo za mchanga ziliathirika kidogo tu. Vibreta inafanya kazi vizuri kama vumbi laini ndani ya mchanga halizidi asilimia 10 hivi, kwa hiyo kipimo hicho kiandikwe kwenye mkataba wa mchanga na kila shehena ichunguzwe kabla haijamwagwa.

---

jua_kali7

Si mtumie tu mchanga wa jangwani, upo bure na hauishi?

---

TopeLaini

Chembe zake zimesuguliwa na upepo mpaka zimekuwa duara na ndogo za ukubwa mmoja, hazishikani zikishindiliwa chini ya maji. Palm Jumeirah, kisiwa cha kufukiwa cha Dubai, iko ukingoni mwa jangwa na bado mchanga wake, karibu mita za ujazo milioni 94, ulifyonzwa kutoka sakafu ya bahari.

---

Bamvua

TopeLaini kamaliza ya chini, mimi naingia kwenye maji. Kosa kubwa la mchoro wako ni kwamba umeigandisha ardhi mpya kwenye ufuo wa zamani.

Chukua mtaro mmoja tu. Mdomo wake leo uko +0.4. Umeweka mita 700 za ardhi mbele yake, kwa hiyo inabidi uurefushe. Kwa mteremko wa 1 kwa 500 unashuka mita 1.4, mdomo mpya uko -1.0. Wakati wa bamvua maji yakipwa yanafika -1.5, kwa hiyo mtaro utafunguka saa chache tu kwa siku. Wakati wa maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo kabisa, bahari inashuka mpaka -0.5 hivi. Siku hizo mdomo hautoki majini hata dakika moja. Mvua kubwa ikikutana na maji mafu, mji mkongwe unajaa kutoka ndani, na mtaa mpya ulio +4.3 unautazama kutoka juu. Mbaya zaidi, ile mita 1.7 ya tofauti inageuza ukingo wa zamani kuwa bonde: maji ya barabara mpya yanateremkia huko huko.

Kuna na maji ya ardhini. Zamani yalikuwa yanavuja taratibu kutoka milimani kwenda baharini. Mchanga ulioshindiliwa na ukuta vinayarudisha nyuma, yanapanda, misingi ya nyumba za zamani inalowa. Uholanzi walipata somo hili kwa upande wa pili. Noordoostpolder, iliyokaushwa 1942, iliunganishwa moja kwa moja na bara, na kwa kuwa iko chini ya usawa wa bahari ilivuta maji ya ardhini ya mashamba ya jirani. Flevoland ilipokuja (sehemu ya mashariki 1957, ya kusini 1968) waliacha ukanda wa maziwa kati yake na ardhi ya zamani. Sababu ya mwelekeo ni tofauti na yako, dawa ni moja: acha maji katikati.

Kwa hiyo kata mfereji wa upana wa mita 50 kati ya mji mkongwe na ardhi mpya, urefu wote wa mita 1,400. Mitaro yote inabaki ilipo, inamwaga mferejini. Kama miisho iko wazi, mfereji ni bahari tu. Ukitaka kujikinga na dhoruba, weka malango pande zote mbili na ufunge maji yakiwa yamepwa. Tujaribu: eneo la mji linaloteremsha maji tuseme hekta 120, mvua ya milimita 80 ndani ya saa tatu, asilimia 70 inatiririka. Ni mita za ujazo 67,200. Mfereji una mita za mraba 70,000, unapanda karibu mita 1. Umefunga kwenye -1.0 siku za karibu na bamvua, unafika usawa wa sifuri, bado uko chini ya midomo ya mitaro. Hata pampu hujaiwasha.

Usiuache mfereji na mwisho uliozibika. Maji yasiyopita yanaoza, mwani unajaa, harufu inafuata. Palm Jumeirah iliwahi kukutana na hili: ukuta wa kuvunja mawimbi wa kilomita 11 ulikuwa unazuia maji ndani, ikabidi uachwe wazi sehemu ili yazunguke. Sakafu ya mfereji ishuke kidogo kidogo kuelekea baharini, isiwe na mashimo. Shimo moja lililochimbwa kupata mchanga wa karibu linageuka sufuria ya maji yasiyo na hewa.

Ukuta wima nao. Wimbi likigonga ukuta wima linarudi lilikotoka, linapishana na linalokuja, na mbele ya ukuta unapata mawimbi karibu mara mbili. Yanachimba mguu wa ukuta na kurusha maji juu ya watembea kwa miguu. Upande wa bahari wazi tumia mteremko wa mawe wa 1 kwa 2 au 1 kwa 3, ukuta wima uweke ndani ya mfereji ambako mashua zinahitaji kufunga. Chini ya mawe panga matabaka kwa kanuni ya kuchuja: D15 ya tabaka la juu (ukubwa ambao asilimia 15 ya chembe ni ndogo kuliko huo) isizidi mara 5 ya d85 (ukubwa wa asilimia 85) ya lililo chini yake. Ukiiruka, kila maji yanapojaa na kupwa mchanga unanyonywa kupitia mapengo ya mawe, kijiko kwa kijiko. Juu lami inaonekana nzima, chini yake kuna pango. Gari la taka likipita siku hiyo, ndilo linaloligundua.

Mwisho kwa upande wangu: kabla ya yote endesha mfano wa mikondo ya ghuba nzima, pamoja na ufuo wa kushoto na kulia kwako. Kitu chochote kinachotokeza mita 700 kinazuia mchanga unaosafiri kando ya pwani. Upande mmoja utapata ufuo mpana usiouomba, upande wa pili ufuo utaliwa. Na mapazia ya kuzuia tope wakati wa kumwaga yanafaa kwenye maji yaliyotulia. Mkondo ukipita nusu mita kwa sekunde yanapeperuka kama nguo kwenye kamba na tope linakwenda kufunika nyasi bahari na matumbawe. Huko panga kumwaga kufuata ratiba ya maji, maji mafu uyape kazi yenye vumbi jingi.

---

NguzoNane

Naunga mkono mfereji. Swali la nguzo na kuelea halijajibiwa, nalichukua.

Nguzo zitumie pale ambapo maji ni lazima yapite. Mfano mzuri ni njia ya nne ya kurukia ndege ya uwanja wa Haneda, Tokyo, iliyofunguliwa Oktoba 2010. Kisiwa chake kina urefu wa mita 3,120. Kama mita 2,020 zimefukiwa, lakini mita 1,100 zilizoangukia mdomo wa mto Tama zimesimama juu ya fremu 198 za chuma ili mto uendelee kutoka. Wangefukia zote wangeuziba mto. Kwenye mchoro wako nguzo zinafaa kwa madaraja, gati, na labda ukanda mwembamba mbele ya mdomo wa mtaro mkubwa.

Mtaa mzima juu ya nguzo ni habari nyingine. Angalia Neft Daşları ya Azerbaijan, ulioanza 1949 katika bahari ya Kaspi: mji wa wafanyakazi wa mafuta, barabara ndefu za juu ya nguzo. Sehemu kubwa ya barabara hizo zimeshaanguka au kuachwa. Adui ni ukanda wa marusho, pale panapolowa na kukauka kila siku. Chumvi inapenya zege mpaka kwenye nondo, nondo inavimba, zege linabanduka. Zege la kufunika nondo liwe milimita 65 hadi 75, la saruji iliyochanganywa na majivu au taka ya tanuru ili lisipitishe chumvi kirahisi. Na uache nafasi ya mtu kupita na mashua chini ya jukwaa kukagua. Jukwaa lisilokaguliwa chini linajulikana limeoza siku linapopasuka juu.

Halafu kimo. Sakafu ya nguzo haitaki wimbi liigonge kutoka chini, maana pigo hilo linainua vipande vya zege kama vifuniko. Anza na 1.8 + 0.6 + 1.0, ongeza kilele cha wimbi la mita 1, kama 0.7. Upande wa chini wa mhimili uko +4.1. Mhimili mita 1.2, bamba 0.3. Unatembea kwenye +5.6, ilhali ardhi iliyofukiwa iko +4.3. Mita 1.3 hiyo kwa njia ya viti vya magurudumu (1 kwa 12) ni mteremko wa mita 16 hivi, uchore tangu mwanzo.

Kuelea: ndani ya mfereji tu, au nyuma ya kinga. Wimbi likifika nusu mita mara kwa mara watu wataumwa kichwa. Mfano wa nyumba: kasha la zege la mita 10 kwa 10, jumla na nyumba ya ghorofa mbili tani 150. Maji ya bahari yana tani 1.025 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kasha linazama mita 1.46. Lisimame au lipinduke? Kitovu cha uzito tuseme mita 3.5 juu ya sakafu ya kasha. Hesabu inakupa kimo cha utulivu (kikiwa juu ya sifuri chombo hujirudisha wima) cha karibu mita 2.9, kizuri. Sasa leta sherehe: watu 70 wenye jumla ya tani 5 wakimbilie upande mmoja, mita 4 kutoka katikati, kutazama fataki. Nyumba inainama kama nyuzi 2.6. Haizami, ila glasi zinateleza mezani. Kwa hiyo makasha yaunganishwe mawili mawili, au manne.

Daraja la kushukia ndilo linalokula nafasi. Kiti cha magurudumu kinataka 1 kwa 12. Tofauti ya maji mita 3, daraja lako ni mita 36. Wengi huchora mita 8 na kusahau bamvua. Mabomba ya maji na maji taka yapite kwenye mpira wenye mkunjo wa kutosha mita 3 pamoja na ziada ya dhoruba, na maji taka yasukumwe kwa pampu, usitegemee mteremko kwenye kitu kinachopanda na kushuka.

Kama ghuba yako ingekuwa ya kina kirefu chenye mwamba, ningesema kasoni. Monaco walifanya hivyo kwa mtaa wa Mareterra: makasha 18 ya zege yaliyosukumwa kwa tagi na kuzamishwa kwenye kitako cha mawe, kisha ndani pakajazwa, wakapata hekta 6, kazi ikakamilika 2024. Juu ya tope la mita 12 kasoni inainama usipolitoa tope kwanza.

---

MchoraRamani

Asanteni sana wakuu. Nimechora upya: mfereji wa mita 50, visiwa viwili badala ya bamba moja, mteremko wa mawe mbele, nyumba 40 za kuelea mferejini. Kwa kuwa mfereji na mwanya wa bahari kati ya visiwa vimekula eneo nimebaki na hekta 85. Majengo marefu bado nimeyaacha mbele. Na je, mpango wa Tokyo wa msanifu Mjapani Kenzo Tange naweza kuutumia kama kielelezo? Ule una mhimili mmoja mrefu wa barabara juu ya bahari.

---

Mtaa_kwa_Mtaa

Hekta 85 zinazokauka ni bora kuliko 100 zinazofurika, usizitafute hizo 15.

Majengo marefu yatoe mbele. Sababu ya kwanza ni uzito: ukingo ndio sehemu dhaifu, tope la chini limebeba mteremko wa mawe na linaweza kuteleza kuelekea baharini. Acha angalau mita 30 kati ya ukingo na jengo la kwanza, hapo weka njia ya miguu, miti, mabomba. Sababu ya pili ni upepo. Ukipanga ghorofa 25 mstari mmoja, mji mkongwe nyuma yake unakosa hewa ya bahari iliyokuwa inapoza mitaa kila alasiri. Barabara zako kuu zifuate mwelekeo wa barabara za zamani, zivuke mfereji kwa madaraja na zitokee baharini bila kuzibwa. Upepo na macho vipite njia moja.

Halafu omba ramani ya unene wa tope. Mita 12 ni wastani, kuna sehemu itakuwa 7 na nyingine 18. Majengo marefu yaende penye tope jembamba. Viwanja vya michezo, bustani na maegesho yaende penye nene zaidi, maana vikizama sentimita 20 unaongeza udongo tu. Shule na hospitali usiziweke mpakani mwa nene na nyembamba, hapo ndipo panapopasuka.

Jengo refu litasimama kwenye nguzo zilizofika mchanga mgumu, kwa hiyo halizami. Barabara iliyo mbele yake inazama. Baada ya miaka kumi mlango una ngazi ambayo haikuchorwa, na bomba la maji taka limekatika pale linapotoka ukutani. Weka kibao chenye bawaba mlangoni na maungio yanayonyumbulika kwenye kila bomba. Tope linalozama linazivuta na nguzo zenyewe chini, wahandisi wauongeze mzigo huo kwenye hesabu au wazipake lami laini ili liteleze.

Kansai, uwanja wa ndege wa Japani, ni kielelezo cha hili. Ulifunguliwa 1994 kwenye kisiwa kilichofukiwa penye maji ya kina cha mita 18 hivi. Walichoma nguzo za mchanga kama milioni moja kwenye mfinyanzi wa juu, ule ukazama haraka kama ilivyopangwa. Mfinyanzi wa kale ulio chini zaidi haukufikiwa, na ndio unaoendelea kuzama mpaka leo. Jengo la abiria limewekwa kwenye nguzo 900 hivi zinazoweza kuinuliwa kwa jeki na kuongezewa sahani za chuma. Septemba 2018 kimbunga Jebi kilipita juu ya ukuta na kuujaza uwanja maji, na meli ya mafuta iliyoburuta nanga ikagonga daraja pekee la kwenda bara. Kwa hiyo madaraja yako yawe matatu au manne, na bomba kuu la maji na nyaya za umeme zipite madaraja mawili tofauti.

Miti: mchanga wa bahari una chumvi. Tandaza sentimita 30 za kokoto kubwa ili chumvi isipande, kisha mita 1 hadi 1.5 ya udongo wa kupandia. Bila kokoto miti inanyauka mwaka wa pili, na lawama anabebeshwa mwagiliaji.

Kuhusu Tange: mpango wake, uliotangazwa mwanzoni mwa 1961, ulikuwa mhimili wa barabara za mzunguko uliovuka ghuba ya Tokyo, na makazi yakitokeza pande zake kama matawi. Wazo la kukuza mji kwa mstari badala ya kitovu bado lina nguvu, litaje. Ila haukujengwa. Ghuba iliendelea kufukiwa kipande kwa kipande kutoka ufuoni, na njia ya kuivuka, Aqua-Line ya kilomita 15, ilikuja Desemba 1997 ikiwa handaki na daraja, bila mji juu yake. Mhimili mmoja una tatizo la Kansai: ukikatika sehemu moja, kila kilicho mbele kimetengwa. Na unahitaji pesa zote siku ya kwanza. Visiwa vyako viwili vinaweza kujengwa kimoja, kikakaliwa, kingine kikafuata. Anza na kilicho karibu na daraja kubwa, na usifunge mwanya wa bahari kabla meli za mchanga hazijamaliza, kuna ramani zilizofungia meli ndani.

---

TopeLaini

Nyongeza kwenye ratiba yako. Usiandike "miezi 9 kisha ondoa lundo". Tope halisomi ratiba. Weka sahani za kupimia kuzama kila mita 50 kwa 50, kwa hekta 85 ni kama 340, pamoja na vipimo vya shinikizo la maji ndani ya tope. Soma kila siku wakati wa kumwaga, kila wiki baadaye. Lundo linaondoka pale mchoro wa kuzama unapoonyesha asilimia 90 na shinikizo limeshuka, hata kama ni mwezi wa 13. Na kila sahani izungushiwe uzio wa mapipa yaliyopakwa rangi kali, la sivyo katapila litazipita na utabaki na nusu ya takwimu.